Alama za Njia katika Kizota

Msafiri atokaye katikati ya Dodoma, akaiacha nyuma Jamatini na maduka ya Uhindini, akaishika barabara kuu iendayo Bahi, Manyoni na Singida, hujikuta baada ya mwendo usio mrefu yumo Kizota, kata ya upande wa magharibi ambako barabara na reli hutoka mjini zikielekea machweo. Hapana bahari huko wala mto wa kudumu wa kumjulisha mtu upande aliko. Nchi ni tambarare iliyo juu ya bahari kwa yapata mita 1,100, udongo wake ni mwekundu, makorongo yake ni makavu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na vilima vya mawe vya mji, Mlimwa na Imagi na wenzao, vimesimama mbali mbali kila kimoja peke yake. Katika nchi ya namna hii watu wamejenga, kizazi baada ya kizazi, maarifa ya kujua walipo na waendako. Na kwa kuwa maarifa hayo aghalabu hayakuandikwa, bali yalikaa vinywani mwa wazee, miguuni mwa wachungaji, na siku hizi vichwani mwa vijana wa bodaboda, nimeona ni haki yapewe fungu lake katika tarikhi ya mji, kama yanavyopewa majengo na viongozi. Dai langu ni moja: kila zama iliyopita Kizota imeacha alama, na zama iliyofuata imetembea kwa alama zile zile, hata pale ilipokuja na ramani yake yenyewe mkononi.

Kabla ya reli, mtu wa Ugogo, yaani nchi ya Wagogo ambamo Dodoma imo, hakukaa katika mji bali katika nchi, na nchi hiyo, ambayo kwa Kigogo huitwa isi, ilikuwa na mtemi wake mwenye dhamana ya mvua na ya afya ya watu na mifugo, pamoja na mipaka ambayo haikuchorwa popote. Marehemu Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ihumwa na bingwa wa ushairi, alihifadhi habari za koo na watemi hao katika kitabu chake Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, kilichotoka mwaka 1954. Na Peter Rigby, mwanachuoni aliyekaa Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, alieleza kwamba mipaka ya isi ilitambuliwa kwa maumbile ya nchi yenyewe, yaani korongo, kilima, jabali au mti mkubwa. Hapa mbuyu una daraja lake. Mti huo hauhami wala hauanguki upesi, huonekana kutoka mbali kwa unene wake na kwa matawi yaliyo matupu wakati wa kiangazi, na ni nadra kuona mibuyu miwili yenye umbo moja. Kwa hiyo mchungaji kijana aliyetumwa kumtafuta ng'ombe aliyepotea hakuambiwa aende umbali wa kadha wa kadha, bali aliambiwa aende mpaka mbuyu wenye pango, kisha aliweke jabali fulani mkono wake wa kushoto mpaka aukanyage mchanga wa korongo. Naye sharti ajue zaidi ya njia: ajue ni wapi mchanga ule ukichimbwa hutoa maji mwezi wa Oktoba, maana katika nchi ipatayo mvua ya yapata milimita 570 kwa mwaka, tena karibu yote kati ya Desemba na Aprili, kupotea njia na kukosa maji ni msiba mmoja.

Tena pande za dunia hazikuwa na heshima sawa. Rigby ameandika kwamba mikosi na maradhi ya mifugo yalipoifika nchi, wanawake walivaa mavazi ya kiume na kushika zana za wanaume, wakaufukuza uovu ule kuelekea magharibi hata mpakani, wakautupa huko. Mashariki palikuwa pa kheri, magharibi palikuwa pa kutupia mabaya. Mtu aliyelelewa katika desturi hiyo hakuhitaji dira ili ajue upande, kwa sababu upande ulikuwa sehemu ya adabu zake, kama mkono wa kulia ulivyo sehemu ya adabu za mlaji.

Wageni wa kwanza waliolazimika kujifunza maarifa hayo walikuwa watu wa misafara. Katika karne ya 19 njia kuu ya kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilikatiza Ugogo, kati ya nyika mbili zilizoogopwa na kila mpagazi: Marenga Mkali upande wa mashariki, yenye maji haba na machungu, na Mgunda Mkali upande wa magharibi. Kati ya nyika hizo msafara ulipita katika nchi za watemi mmoja baada ya mwingine, na kwa kila mtemi ulitoa hongo ya nguo, shanga na waya. Kwa hiyo mpaka, ambao kwa mpita njia asiyejua ulikuwa korongo tu kama makorongo mengine, kwa mwenye msafara ulikuwa hesabu ya mali. Aliyetangulia mbele ya wote alikuwa kirangozi, na kazi yake ilikuwa kazi ya ilimu hasa. Richard Burton, aliyepita Ugogo mwaka 1857, ameeleza kwamba penye njia panda kirangozi hupiga mstari ardhini kwa mguu, au hutupa matawi mabichi, katika njia isiyofuatwa, ili wale walio nyuma kabisa wasipotee. Naithamini habari hii kuliko habari nyingi za majeshi na bunduki za zama zile, maana ndani yake naona uungwana: aliyetangulia amemfikiria ajaye, na kwa tawi moja la mti amemwokolea safari yake.

Kisha ikaja reli. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na popote ilipopita iligeuza namna ya watu kuihesabu nchi. Hapo kwanza mtu aliweza kuikata nyika kwa njia aipendayo, akipinda kwa ajili ya maji, au kwa ajili ya jamaa zake, au kwa kumkwepa mtu anayemdai. Sasa palikuwa na mstari mmoja usiohamishwa na mvua wala na mtemi, na kila boma na kila shamba likawa ama upande huu wa mstari ama upande wa pili. Mji wa Dodoma ulikulia kando ya mstari huo, ukianza na stesheni na maduka, na Kizota, iliyobaki nje ya mji kwa miaka mingi, ikapata kutoka kwa reli ile mambo mawili yanayopingana. Kwa mtu aliyepotea usiku reli ilikuwa rehema, kwani akiipata tu ameokoka: akiifuata kuelekea mashariki atafika stesheni, wala haiwezi kumdanganya. Lakini kwa mwenye kundi la mbuzi, au kwa mama mwenye ndoo ya maji kichwani, tuta la reli lilikuwa kizuizi, na ilimlazimu atafute mahali pa kuvukia, ama penye karavati ambamo maji ya korongo hupita chini ya tuta, ama pale ambapo miguu ya waliotangulia imeulainisha mteremko. Mahali pa kuvukia hapakuamriwa na mhandisi. Palichaguliwa na watembeaji, na mara palipochaguliwa, njia zote ndogo za pande mbili zikainama kuelekea hapo. Hata leo Relini ni jina la mtaa katika kata ya Kizota, na mgeni anayeelekezwa huulizwa kwanza kama anakwenda ng'ambo ya reli au haivuki.

Zama ya Waingereza sina mengi ya kuisifia katika jambo hili. Mji uligawanywa kwa kufuata rangi na kazi za watu, Wahindi pao, Waafrika pao, maofisa pao, na mtu aliweza kujua alipo kwa kutazama ni nani anayeruhusiwa kukaa hapo. Jambo moja lakini halina budi kutajwa, nalo ni barabara kuu ya kutoka Arusha kwenda Iringa, ambayo iliikuta reli hapa Dodoma, hivyo kwamba mji mdogo wa nyikani ukawa njia panda ya nchi nzima. Kutoka katikati ya msalaba huo watu walianza kupima kwa maili, na mahali pamoja palipopimwa hivyo pangali panaitwa Maili Mbili, ingawa vijana wengi wapitao hapo hupima mwendo kwa kilomita au kwa nauli.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua makao makuu ya serikali yahamie Dodoma, na mwaka huo huo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo watu wote waliijua kwa herufi zake, CDA. Kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, katika nchi ya Kanada, ilipewa kazi ya kuandaa mpango mkuu wa mji, ukakamilika mwaka 1976, nami nakiri kwa moyo mweupe kwamba ulikuwa mpango wenye hekima. Haukutaka mji wa fahari, wenye barabara pana za gwaride na minara ya kutisha, bali ulifuata fikra ya Mwalimu Nyerere kwamba makao makuu ya nchi ya wakulima yafanane na nchi yenyewe. Jumuiya zenye watu wapatao 28,000 kila moja zilipangwa kufuatana na mabonde na miinuko, vilima vikaachwa vilivyo, mwenda kwa miguu na mwenye baiskeli wakatengewa njia zao, basi likawa chombo cha kuunganisha jumuiya hadi jumuiya, na msingi wa yote ukawa nyumba kumi kumi za ubalozi, yaani kipimo ambacho chama kilikuwa kimekwisha kuwazoesha watu. Waliochora mpango ule waliitazama nchi kabla ya kuichora, na jambo hilo si dogo.

Lakini mchoro ni mchoro, na fedha ni fedha. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta, na dhiki ya miaka ya 1980 viliifanya kazi iende polepole, na katika viunga kama Kizota barabara nyingi zilibaki karatasini, ilhali ardhini palikuwa na bikoni tu. Bikoni ni kitu kidogo: kijiguzo cha saruji chenye chuma katikati, kilichofukiwa ardhini hata kikabaki kichwa chake tu, ambacho jembe la palizi hulia likikigusa. Mkulima wa uwele aliyekuwa akilima hapo tangu enzi za babu yake alikuta vijiguzo hivyo shambani, na kwa muda mrefu pakawa na elimu mbili juu ya udongo mmoja. Mpima ardhi alisoma kitalu namba kadha na kiwanja namba kadha. Mwenyeji alisoma kisiki cha mkakatika, kichuguu kikubwa, na njia ya ng'ombe waendao malishoni. Kila mmoja alikuwa sahihi kwa elimu yake, na mashaka mengi ya ardhi yaliyousumbua mji huu hata CDA ilipovunjwa tarehe 15 Mei 2017 yalitokana, kwa maoni yangu, na kwamba elimu ya kwanza iliandikwa katika hati na elimu ya pili haikupewa hata ukurasa mmoja.

Elimu hiyo ya pili imepata kuchunguzwa na wataalamu pia: mwaka 1960 Kevin Lynch, mtaalamu wa mipango miji wa Marekani, alitoa kitabu juu ya namna wakazi wa Boston, Jersey City na Los Angeles walivyoishika miji yao akilini, akaona kwamba watu hutegemea mambo matano: njia wanazopita, kingo zinazozuia, mitaa yenye sura yake, makutano, na alama zionekanazo. Mzee wa Kizota angeyakubali yote matano bila ya kubishana, kwa kuwa barabara ya Singida ni njia, tuta la reli ni kingo, na mbuyu ni alama. Lakini naamini angeongeza la sita, ambalo katika miji ile halikupewa uzito huo, nalo ni mtu wa kuulizwa. Katika nchi yetu njia haikamiliki bila ya maulizo, na maulizo yana kanuni zake. Mgeni harukii swali. Humkaribia mtu aliyeketi kibarazani au penye genge, husalimu, na iwapo ana Kigogo kidogo huanza na mbukwenyi, kisha husema haja yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za utokako?"

"Njema. Naulizia kwa yule mwalimu mstaafu, nimeambiwa ni karibu na mashine ya kusaga."

"Mashine ziko mbili, mwanangu. Ya huku barabarani, au ya kule relini?"

"Nadhani ya relini."

"Basi shika njia hii mpaka uuone mbuyu. Usiuvuke. Kata mkono wa kulia, utapita kwa balozi, pana bendera. Ukifika gengeni uliza tena, watakuonyesha."

Maneno ya mwisho ndiyo yaliyo na siri. Mwelekezaji hakutoa njia nzima, ingawa huenda anaijua; ametoa kipande kimoja, akamkabidhi mgeni kwa mwelekezaji wa pili, na wa pili atamkabidhi kwa wa tatu, hivyo kwamba mgeni hufika akiwa amekwisha kusalimiana na nusu ya mtaa, na mtaa nao umekwisha kumjua yeye ni nani na anakwenda kwa nani. Hapo njia imefanya kazi mbili, kumwongoza mgeni na kumlinda mwenyeji. Na ile nyumba ya balozi, ambayo katika mpango wa mwaka 1976 ilikuwa kipimo cha hesabu ya watu, katika kinywa cha mzee imekuwa alama ya njia kwa sababu ya bendera yake. Ndivyo ninavyosema kwamba zama hutembea kwa alama za zama zilizotangulia.

Ushahidi wa jambo hili umejaa katika vituo vya daladala. Jamatini pamepewa jina na nyumba ya ibada ya Waismailia. Sabasaba na Nanenane ni tarehe za sikukuu za taifa zilizogeuka kuwa mahali pa kushukia. Eria A, Eria C na Eria D ni herufi za ramani ya serikali ambazo wakazi walizipokea, wakazivisha matamshi yao, na sasa ni mitaa yenye watu na sifa. Kwa hiyo atakosea mwenye kudhani kwamba wananchi hukataa kila jina litokalo ofisini. Hulipokea lile ambalo linatamkika, na ambalo konda anaweza kulinadi mlangoni mwa gari. Kizota nayo ilipata umaarufu wa namna yake. Kwa Watanzania wengi ambao hawajapata kuikanyaga Dodoma, jina hilo lilikuwa jina la ukumbi, ule ambamo Chama Cha Mapinduzi kilifanya mikutano yake mikuu, ukiwamo wa Novemba 2012, na redio zikalirudia hata likazoeleka Mtwara na Bukoba. Wakulima na wafanyabiashara wa nafaka walilijua kwa jambo jingine, maghala ya akiba ya chakula ya taifa, ambayo kuta zake ndefu humwambia abiria wa basi litokalo Singida kwamba sasa mji umekaribia na ni wakati wa kukusanya mizigo. Mahali pamoja, na watu watatu wanapaona kwa sura tatu: mjumbe wa mkutano, mwenye lori la mahindi, na mama wa Relini anayepaita nyumbani.

Mwezi wa Julai mwaka 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali itahamia Dodoma kwa hakika, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo hili. Sensa ya Agosti 2022 ikahesabu 765,179. Maana ya tarakimu hizo katika jambo tunalolizungumza ni kwamba, katika miaka 10, karibu nusu ya wanaouliza njia wamekuwa watu ambao hawakuwapo, na wanaoulizwa nao mara nyingi ni wageni wa juzi. Mlolongo wa kukabidhiana mgeni umekatika mahali pengi. Ndipo serikali ilipoanzisha, mwanzoni mwa mwaka 2022, operesheni ya anwani za makazi, barabara zikapewa majina na vibao, nyumba zikapewa namba, zikiambatana na postikodi ya kata yenye tarakimu 5. Nimeisikia kazi hii ikibezwa na watu wa kila rika, nami siwaungi mkono. Gari la wagonjwa liitwalo saa nane za usiku haliwezi kusimama gengeni kuuliza kwa mwalimu mstaafu ni wapi, na mjamzito wa ng'ambo ya reli ana haki ya kupatikana upesi sawa na mwenye nyumba aliye karibu na Bunge.

Hata hivyo vijana wa bodaboda na bajaji, ambao ndio virangozi wa leo, hawakuiacha elimu ya zamani kwa sababu ya vibao. Abiria akitaja namba ya nyumba, dereva huuliza, "Ni karibu na wapi?" na hangoi nanga mpaka atajiwe msikiti, kanisa, shule, kisima au mti. Hufanya hivyo kwa busara, kwa kuwa namba humthibitishia kwamba amefika, lakini haimpi picha ya kwendea. Hivyo anazitumia elimu zote mbili, moja njiani na moja mlangoni.

Kinachonitia hofu ni alama zenyewe. Mbuyu uliokuwa mpaka wa mashamba sasa umo ndani ya kiwanja cha mtu, na mwenye kiwanja anataka nafasi ya kujenga. Jabali linavunjwa kokoto. Korongo linafukiwa na kujengwa juu yake, mpaka mvua kubwa ya masika ije kuikumbuka njia yake na kuingia sebuleni mwa watu. Kila alama inayoondoka huondoka na maelekezo yote yaliyopita kwayo. Kwa hiyo ningeomba kwamba wenyeviti wa mitaa na watendaji wa kata, ambao wamekwisha kuzihesabu nyumba na kuzibandika namba, waziandike na alama hizi katika daftari lile lile: mbuyu huu, jabali hili, kivuko hiki, korongo hili na mahali linapopita, pamoja na jina ambalo kila kimoja huitwa na wenyeji. Kazi yenyewe haihitaji mtaalamu wa kutoka mbali wala fedha nyingi, na ingefaa ianzie upande wa reli, ambako wangali hai wazee waliolivuka tuta wakiwa wachungaji, wanaoweza kwenda kwa miguu yao na karani mmoja mwenye kalamu na kumwonyesha kila mahali kwa kidole.